Mshiriki Namba Ishirini na Saba

Niliisoma ile kadi ya mwaliko nikiwa bado nimesimama mlangoni, na kabla sijafika mwisho nilikuwa nimepandwa na hasira. Chama cha Watafiti wa Usingizi, iliandikwa kwa herufi za dhahabu, kitamtunuku Daktari Gedion Tuzo ya Mtafiti wa Mwaka, kwa kugundua kwamba wapakizi wa mizigo wa Changamwe hulala saa kumi kila siku, kwa mafungu mawili, na kwa hiyo miili yao inahimili kazi ndefu kuliko ya wafanyakazi wengine.

Saa kumi! Ni nani huyo anayelala saa kumi Changamwe? Labda paka wa jirani yangu.

Mimi ni Jumwa Mramba, mhudumu wa afya wa mtaa wa Chaani, hapa hapa Changamwe. Utafiti huo ninaujua kuliko ninavyolijua pindo la kanga yangu, kwa sababu niliubeba kwa miguu yangu. Miaka miwili iliyopita Daktari Gedion alikuja na saa sitini za mkono, nyeusi, zenye mkanda wa mpira na kitaa kidogo cha kijani. Hazionyeshi wakati. Kazi yao ni kuhesabu mvaaji anapotulia na anapojigeuza, na kutoka hapo kompyuta ya daktari inajua amelala kwa muda gani. Watu sitini wa godauni moja la mizigo walipewa namba, kila mmoja akapewa saa yake, na mimi nikapewa daftari jekundu nizunguke vyumbani mwao kila baada ya siku tatu.

Agizo la daktari lilikuwa kwamba saa isitoke mkononi kwa siku kumi na nne. Agizo zuri kwa mtu anayekaa ofisini. Kule godauni walinzi wa getini walikuwa wakiwavua wapakizi kila kitu, hata pete za ndoa, na siku ya kwanza tu saa tano zilinyang'anywa. Nilizifuata mwenyewe, nikabembeleza, nikarudishiwa. Jioni ile niliwakusanya wote nje ya duka la chapati nikawaambia maneno ambayo nayajutia mpaka leo. Niliwaambia: "Kazini msiende nazo. Hii ni saa ya usingizi. Anayelala ndiye anayevaa."

Wakanielewa. Wallahi walinielewa vizuri mno.

Wiki ya pili nilifika chumbani kwa Kyalo, mshiriki namba ishirini na saba, saa tatu asubuhi. Kyalo ni mtu wa Kitui, mrefu, mpole, na wakati ule alikuwa akifanya shifti ya usiku. Nilimkuta amelala chali, saa iko mkononi, kitaa kinawaka. Nikafurahi, nikaandika. Siku tatu baadaye nikapita alfajiri, saa kumi, kwa sababu nilikuwa natoka kumzalisha jirani yao. Mlango ukafunguliwa na Munga, kijana wa Ganze ambaye nilimjua kwa sura tu, anajitayarisha kwenda shifti ya asubuhi. Ile saa ilikuwa mkononi mwake.

"Munga, hiyo saa si ya Kyalo?"

"Ni ya kitanda, dada," akanijibu bila wasiwasi wowote. Akaifungua mkanda, akaitundika kwenye msumari juu ya mto. "Mimi naondoka, Kyalo akirudi ataikuta hapo. Si ulisema anayelala ndiye anayevaa?"

Kitanda kilikuwa kimoja, futi tatu kwa sita. Munga alikilalia usiku, kuanzia saa tano baa ya jirani ikizima muziki, mpaka saa kumi. Kyalo alikilalia kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita, bati likishika moto kiasi cha kumtoa mtu ndani kwa nguvu. Saa tano za huyu, saa tano za yule. Saa kumi za kitanda.

Nilipiga moyo konde nikazunguka vyumba vyote upya, alfajiri na mchana, nikauliza swali moja tu: kitandani hapa mnalala wangapi? Kati ya saa sitini, arobaini na moja zilikuwa na watu wawili. Moja ilikuwa na watatu. Kila mahali walinijibu kwa adabu, wakijua wametimiza nilichowaagiza. Nikaandika kwenye daftari jekundu, namba kwa namba, na pembeni ya ishirini na saba nikaandika: wawili, Kyalo na Munga.

Kosa lilikuwa langu, na nilikwenda kumwambia daktari hivyo hivyo. Nilimkuta hotelini kwake anakunywa chai. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha, nikaomba tuanze upya. Alilisoma. Hilo naliapia, kwa sababu alipitisha kidole chini ya kila mstari mpaka mwisho. Kisha akalifunga akanirudishia.

"Mama Jumwa," alisema, "kazi yako ni kukusanya. Uchambuzi niachie mimi. Hizi ni dosari ndogo, hesabu itazisawazisha."

Nikamwamini. Mtu amesoma mpaka nje ya nchi, mimi ni nani nimbishie hesabu?

Basi hesabu ilisawazisha hivi: ikawafuta watu arobaini na watatu na kuwamezesha wengine usingizi wao. Na hayo yangebaki kuwa mambo ya karatasi, lakini lile godauni liliyaona matokeo likafurahi. Mwezi uliopita walijaribu shifti ya saa kumi na mbili badala ya nane. Katika wiki ya pili ya majaribio Kyalo alisinzia akiwa wima, gunia la mchele la kilo hamsini likamtoka begani likampiga mguuni. Vidole viwili havina hisia mpaka leo. Walimwandikia barua ya onyo kwa uzembe. Uzembe! Meneja wao, Bwana Kefa, alimwambia uso kwa uso kwamba sayansi imethibitisha watu kama yeye wanapumzika vya kutosha.

Kwenye kadi, chini kabisa, iliandikwa kwamba Bwana Kefa, mfadhili wa sherehe, atatangaza mpango huo mpya wa kazi kwa wapakizi wote mia tatu kuanzia Jumatatu. Na juu yake: mshiriki namba ishirini na saba, aliyevunja rekodi kwa kulala saa kumi na robo, ataitwa jukwaani kumpa mtafiti mkono wa shukrani.

Ndani ya bahasha mlikuwa na kikaratasi cha daktari mwenyewe. Mama Jumwa, tafadhali niletee namba ishirini na saba, avae nadhifu. Nawe utapewa cheti. Tukimaliza tuzungumze kuhusu utafiti wa Kilifi, nataka uwe msimamizi.

Usimamizi wa miaka mitatu. Sitajifanya kwamba sikuutamani. Nilikaa kitandani na kile kikaratasi muda mrefu, nikajiwazia mimi na ofisi, mimi na kiti cha kuzunguka. Kisha nikavaa ndala nikaenda kwa Kyalo na Munga.

"Daktari anamtaka namba ishirini na saba Jumamosi," niliwaambia.

Kyalo akacheka kidogo. "Si hiyo ni mimi, madam?"

"Na mimi je?" Munga akauliza. "Nusu ya ile kazi niliifanya mimi."

"Ndiyo maana nimekuja kuwaita nyote," nikasema.

Sherehe ilifanywa Port Reitz, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa hoteli ulio karibu sana na uwanja wa ndege, hivi kwamba kila ndege ikishuka msemaji hunyamaza na kungoja. Viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe. Kwenye meza ya mbele ilikuwapo ile tuzo yenyewe, kioo kizito chenye umbo la mwezi mwandamo, na nyuma yake alikaa mwenyekiti wa chama, Profesa Winfred, mama wa Kitaita mwenye mvi na miwani ya kuning'inia kifuani. Nilikuwa sijamwona kabla ya siku ile. Bwana Kefa alikaa kando yake, karatasi ya tangazo ikichungulia mfukoni mwa koti.

Kiti cha mshiriki kilikuwa kimoja, kimebandikwa namba. Kyalo alikuwa ametoka shifti asubuhi ileile, macho mekundu, kwa hiyo Munga alimwachia akae, yeye akasimama ukutani. Baada ya nusu saa wakabadilishana bila kusemezana. Mhudumu mmoja alikuja kuwaambia kiti ni cha mtu mmoja. Wakamjibu wanajua.

Daktari Gedion alizungumza kwa muda mrefu. Alionyesha michoro yenye vilima viwili, cha usiku na cha mchana, akaviita zawadi ya maumbile kwa mtu wa Pwani anayefanya kazi ngumu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa safu ya tatu nikiwa na daftari jekundu mapajani, na kila mara aliposema "sisi" nilitaka kujua anamaanisha nani. Sikumwona hata mara moja akibeba saa Chaani.

"Na sasa," alisema, "mwenye usingizi bora kuliko wote. Namba ishirini na saba, karibu!"

Kyalo akainuka kitini. Munga akatoka ukutani. Wakapanda jukwaani pamoja, Kyalo anachechemea, Munga amemshika kiwiko.

Daktari alitabasamu akashusha sauti. "Nimemwita mmoja tu, ndugu zangu."

"Ndiyo sisi," akasema Munga.

"Namba ishirini na saba ni mtu mmoja."

"La, daktari. Ni kitanda kimoja." Munga alikuwa anaongea taratibu, kwa heshima, na kipaza sauti kilikuwa karibu naye. "Kyalo hulala mchana, mimi usiku. Saa tulivaa kwa zamu, kama tulivyoelekezwa. Mimi nalala saa tano, naye tano. Hizo kumi tulizisikia hapa leo, tukashangaa, kwa maana hatujawahi kuziona."

Kyalo akainama kwenye kipaza sauti. "Na hii mguu iliumia juu ya hizo kumi," akasema.

Daktari akaanza kusema kwamba bila shaka kulikuwa na mkanganyiko katika orodha, kosa dogo la msaidizi, na hapo miguu yangu ikaniinua kabla sijaiamuru.

"Kosa lilikuwa langu!" nilisema kwa sauti. "Niliwaelekeza vibaya, na siku niliyogundua nilikuletea. Ulisoma kwa kidole chako hiki hapa. Saa arobaini na mbili zilizovaliwa kwa zamu, daktari! Ukanifungia daftari usoni, ukawachukua watu walioshindwa kulala ukawageuza kuwa mabingwa wa kulala, na leo unataka waje wakushike mkono!"

Nilimpelekea Profesa Winfred daftari, nikaliweka mbele ya ule mwezi wa kioo. Alivaa miwani. Alisoma kurasa tatu, nne, bila haraka. Akageuka kwa Daktari Gedion.

"Ulijua?"

Ndege ikapita juu yetu, kubwa, vioo vikatikisika, na kila mtu akangoja. Nilimtazama daktari usoni muda wote ule. Alikuwa na nafasi ya kutosha ya kutafuta jibu.

"Yalikuwa ni maelezo ya pembeni tu," alisema ndege ilipokwisha kutua.

Profesa Winfred aliuchukua ule mwezi kwa mikono miwili, akaurudisha ndani ya sanduku lake, akafunika. Kisha akamwambia Bwana Kefa, na kipaza sauti kikiwa bado hai, kwamba hakuna utafiti wa chama chake unaounga mkono shifti ya saa kumi na mbili, na akithubutu kusema upo, yeye mwenyewe atakwenda getini kwake kuwaambia wapakizi. Bwana Kefa akaisukuma karatasi yake chini kabisa ya mfuko. Haikusomwa siku ile, na Jumatatu watu waliingia kazini kwa saa nane. Barua ya onyo ya Kyalo bado tunaipigania. Kuhusu Kilifi, daktari hajanipigia simu, nami sijakaa kuingoja.

Lakini nilichokibeba kutoka siku ile ni kingine. Watu walipokuwa wanainuka kwenda kunywa chai, Munga alimrudisha Kyalo kwenye kile kiti chenye namba.

"Kaa," akamwambia. "Zamu yako."

Kyalo alikaa, na kabla sambusa hazijafika alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, mguu mbovu umenyooshwa njiani. Daktari Gedion alikuwa wa kwanza kupita pale akielekea mlangoni. Alisimama, akautazama ule mguu unaomzibia njia, akanyoosha mkono amguse begani amwamshe.

"Mguse," nilimwambia, "utaniona."

Akazunguka kwa upande wa pili.