Mazoezi ya Kamera ya Mzee Norman

Mzee Norman aliamini kwamba kamera ni kama magoti ya mtu mzima: isipofanyishwa mazoezi, inakakamaa. Kila Jumapili akitoka kanisani, kabla hata ya kuvua tai, aliiweka kamera yake ya chuma kwenye meza ya verandani, akavuta kijimkono cha kusogezea mkanda wa picha, akabonyeza, kla! Akabadilisha kasi, akavuta tena. Mashine hiyo haikujua betri ni nini. Mwishowe aliigeuza, akaitazama usoni na kuipuliza vumbi. Wageni walisubiri huku matoke yanapoa.

Alipiga picha harusi za nusu ya ukoo, ila yeye mwenyewe hakupigwa. "Nani ataishika?" aliuliza, utadhani ni kichanga. Alipofariki, picha pekee iliyopatikana ilikuwa ya kitambulisho. Waliikuza, wakaiweka juu ya jeneza, na watu wakaagana na mzee aliyeonekana kama amekamatwa na ng'ombe wa wizi.

Jambo hilo lilimkaa kooni binti yake, Kellen. Sasa ibada ya kumaliza msiba ilikuwa imekaribia, na kadi zilitakiwa kuchapwa zikiwa na sura ya baba.

"Picha iko moja tu," alisema Shangazi Pretty, dada wa marehemu. "Weka hiyo hiyo. Mbinguni walishamjua."

 Alichoweza Kellen ni kuendeleza mazoezi ya kamera. Jumapili ya kwanza kamera ilimtii. Ya pili, kijimkono kilikwama katikati, kikagoma kabisa.

"Shangazi, nimeiua kamera ya baba."

"Si ulikuwa unaivuta kama jenereta!"

Waliipeleka Nyabugogo, penye stendi ya mabasi, kwa Usumani, mpiga picha wa zamani aliyekuwa rafiki wa marehemu. Usumani aliiweka sikioni, akainusa. "Mafuta yameganda," alisema. Akaitikisa. "Au meno yamelika. Au springi imelegea."

"Daktari," Shangazi Pretty akamkata, "mgonjwa iko na magonjwa mangapi?"

Usumani, kwa kuficha aibu, akashika kifundo cha kurudishia mkanda, akakizungusha kidogo. Kikakazana. Akakijaribu tena.

"Haiumwi hii," alisema polepole. "Imeshiba. Ndani kuna mkanda, na umefika mwisho."

"Basi tuone!" Shangazi Pretty akanyoosha mkono afungue mgongo wa kamera. Usumani akaikumbatia kifuani.

"Mama wee! Ukiingiza mwanga humu, marehemu anakufa tena!"

Hapo Kellen akaelewa. Baba yake, aliyewakemea watu maisha yake yote kwa kusahau mkanda ndani, aliusahau mwenyewe, na mazoezi yote ya Jumapili yake ya mwisho yalikuwa yanapiga picha. Usumani alicheka mpaka akatafuta kiti.

Aliurudisha mkanda, akaingia chumba cha giza kuusafisha. Kellen alingoja nje, makondakta wa mabasi wakiita abiria wa Musanze na Huye, akijiambia asitarajie kitu. Huenda ni ukuta tu.

Na kweli, Usumani alipozitoa picha, mwanzoni ilikuwa ukuta. Bakuli la matoke. Guu la Shangazi Pretty. Shangazi Pretty amelala, mdomo wazi.

"Hiyo uchane!"

Nyingine zilikuwa giza tupu, nyingine nyeupe kama maziwa, maana kasi ilibadilishwa kila mara. Ila moja, kasi iliafikiana na mwanga wa veranda. Mzee alikuwa ameshaigeuza kamera apulize vumbi, kidole kikasahaulika kwenye kitufe. Alikuwa pale, uso mzima, tai shingoni, mashavu yametuna, midomo imechongoka, macho yanamtazama Kellen moja kwa moja.

"Hii ndiyo ya kadi za ibada?" Shangazi Pretty alishtuka. "Kaka yangu anapuliza uji?"

Kellen alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akacheka mpaka ikabidi ajifute uso kwa kitenge.

"Ndiyo hiyo, Shangazi."

Siku ya ibada kadi ziligawiwa, na kicheko cha kubanwa kikapita benchi hadi benchi. Mchungaji alifungua yake katikati ya sala, akakohoa, akaanza sala upya. Shangazi Pretty alikuwa ameapa hataigusa kadi hiyo. Kwaya iliposimama aliichukua ya Kellen, akaisogeza karibu na macho, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha, bila mwenyewe kujua, akatunisha mashavu.