Mstari wa Kwanza

Kaka mtu alikuwa fundi cherehani. Kila Jumamosi mchana alifagia vipande vya nguo, akaigeuza meza ya kukatia kuwa nchi nzima yenye mito, majoka na miji iliyolaaniwa. Ulikuwa mchezo wao wa hadithi: yeye alisimulia, na mdogo wake muuguzi, kinyozi wa jirani na mwalimu wa hesabu walikuwa wasafiri. Akiishiwa la kusimulia, hakuumiza kichwa. Alifungua daftari lake la majedwali akasema, "Rusheni dadu tuone nani anabisha hodi." Dadu mbili zikitoa jumla ya saba, ni mchuuzi wa ndoto, zikitoa kumi na mbili, jini mwenye mafua.

Jedwali hilo la hodi lilikuwa na kasoro: lilianzia moja.

"Fundi, dadu mbili zitatoaje moja?" mwalimu alimcheka. "Hata wanangu wa darasa la pili wanalijua hilo!"

"Iko siku itatoka," alijibu fundi, akaufunika mstari ule kwa kitambaa alichokishonea kwenye karatasi kwa nyuzi nne. "Ikitoka, mtausoma."

Aliugua wiki tatu tu. Alifariki wakati mdogo wake amekwenda kumchotea maji ya kunywa, bila hata neno la kuagana. Tangu hapo muuguzi alitembea na daftari mkobani. Kukata nyuzi zile nne kulikuwa kazi ya dakika moja, lakini aliona ni kama kumwibia. Moyoni alishika jambo moja: kwaheri yake imo mle, chini ya kitambaa.

Baada ya miezi mitatu walikutana tena. Muuguzi alikalia kiti cha marehemu, sasa yeye ndiye msimuliaji.

"Ila majoka yako yasitupime presha, dada," kinyozi alitania. Wakacheka, kisha wakaona aibu kucheka.

Safari iliwafikisha kwenye lango la mawe. Hodi ikabishwa. Kinyozi akatupa dadu kwa nguvu. Moja ikaruka, ikapotelea chini ya cherehani.

"Iliyoanguka haihesabiwi," mwalimu akasema kwa mazoea. Ilikuwa sheria ya fundi mwenyewe.

Iliyobaki mezani ilionyesha moja.

Mwalimu akavua miwani. "Alijua," alinong'ona. "Na mimi na hesabu zangu zote..."

"Soma, dada," alisema kinyozi.

Muuguzi akazikata nyuzi kwa mkasi. Chini ya kitambaa, kwa mwandiko ule uliolala upande, palikuwa na maneno haya: *Langoni hakuna mtu. Ni upepo tu. Msisimame hapo, jamani, safari bado ndefu.*

Alisoma mara mbili akitafuta jina lake. Halikuwemo. Kinyozi alikuwa amepiga magoti akiitafuta dadu, na alikawia sana kuinuka.

Muuguzi alijifuta machozi kwa kile kitambaa.

"Mnafungua lango," alisema. "Hakuna mtu."