Vibati vya Karakana

Kabla ya kufungua stoo ya karakana, Teodora alipiga ishara ya msalaba, akamwombea marehemu mumewe, ndipo akatia ufunguo. Kazi yake katika chuo kile cha ufundi, hapo Mwanza, ilikuwa kugawa zana. Mwanafunzi akichukua tupa au msumeno, huacha kibati cha shaba chenye namba yake kwenye msumari wa zana ile. Tangu aliposingiziwa kupoteza patasi, Teodora hakuuamini msumari peke yake. Kila kibati alikiandika daftarini.

Juma moja la mwaka 1996, Nkwabi, mwalimu wa ufundi mitambo, alibandika majina sita ya walioanguka jaribio la vipimo. Ijumaa wangeondolewa chuoni. La kwanza lilikuwa la Safia wa Mkuyuni, binti asiyekosa hata siku moja, ambaye tupa yake ilirudi kila jioni imepigwa brashi. Mwalimu alisema vichwa vyao ni vizito.

Teodora alifungua daftari lake. Mchana kutwa alizifuata zile namba sita kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa, miezi miwili. Tupa walichukua. Misumeno walichukua. Venia, kile kipimo cha kusomea unene wa chuma, hata mara moja. Venia zilikuwa nne tu, na desturi ilikuwa awahiye ndiye achukuaye. Wa bweni walilala palepale. Wa kutwa, na wale sita wote walikuwa wa kutwa, walikuta vibati vya wenzao vinaning'inia.

Akampelekea Nkwabi daftari.

"Shikamoo, mama. Na darasa la saba lako unataka kunifundisha uhandisi?"

"Marahaba. Uhandisi ni wako, mwanangu. Mimi nakuonyesha nani alishika nini. Hawa sita umewatahini kwa chombo ambacho mikono yao haikijui."

Nkwabi alilifungua akicheka. Ukurasa wa tatu kicheko kikaisha, akavuta kiti.

Sita wale wakaongezewa wiki mbili, na venia zikaenda kwa zamu, wa kutwa kwanza. Siku ya marudio Safia alipima unene wa shafti, ule mhimili wa chuma, akataja kipimo. Mwalimu akapima mwenyewe, ikawa vilevile. Watano walipita. Wa sita, Mashimba, alianguka tena, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu.

Nkwabi alibandua karatasi ya majina kwa mkono wake, akapitia stoo.

"Mama, daftari linasemaje kuhusu darasa la kuchomelea?"

"Njoo kesho," alisema Teodora akifunga mlango. "Saa hizi ni rozari."