Ngoma Iliyomsubiri Kabanyana

Kifuniko cha sufuria kiligonga kabla ya kupambazuka. Bibi Kabanyana, mgeni kutoka Bibokoboko, kijiji cha wafugaji milimani, alijua mwenyeji wake Dorothée anamchemshia maziwa, ingawa wenyewe katika nyumba hiyo ya wavuvi hunywa chai.

Kulipokucha, mji mzima wa Baraka ulimeremeta vitenge vya sikukuu ya wanawake. Kabanyana alipendezwa na kila alichokiona, lakini aliogopa. Alikuwa ameombwa acheze ngoma ya polepole ya kwao milimani, na wapiga ngoma wote walikuwa Wabembe, watu wa mdundo wa haraka.

“Batanicheka,” alinong’ona.

“Bacheke tu, meno yao ipate jua!” Dorothée akamjibu, akimsukuma uwanjani.

Kabanyana akainua mikono kama pembe za ng’ombe. Mara ngoma ikamwacha nyuma. Watu wachache wakacheka kweli. Bertin, kiongozi wa wapigaji, akawanyamazisha wenzake, akaitazama mikono ile, kisha akapiga polepole, pigo moja kwa kila hatua. Bamama wa Baraka wakainua mikono yao pia.

Baadaye Bertin alimfuata. “Mama, nilikosea wapi?”

“Haukukosea, mwanangu. Ulinisubiri.”

“Basi urudi tena mwaka kesho, mama. Hii ngoma yenu bado hatujaijua vizuri.”