Kundi la Wasioitwa

Batholomeo na mkewe Hilaria walikuwa wanaanika mpunga juu ya turubai, uani kwao Bahi, bodaboda ilipomshusha dada mmoja aliyebeba kishikwambi. Dada yule alisalimia kwa adabu, akapewa kiti. Alijitambulisha kwa jina la Debora, mtafiti kutoka Dodoma mjini. Alikuwa anawafuatilia vijana waliowahi kujiandikisha kwenye ofisi ya kuwatafutia kazi, na siku hiyo alimtaka Brighton.

"Brighton hayupo," Batholomeo alisema. "Aliondoka mwaka juzi. Hatujui aliko."

Aliyasema hayo kwa sauti kavu, kama alivyozoea kila alipoulizwa habari za mwanawe wa pekee. Batholomeo alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na hakupenda kuonekana ameshindwa na mtoto wake mwenyewe. Brighton alisomea umeme, akafaulu vizuri. Yeye na Octavian, mtoto wa jirani, walikwenda kujiandikisha pamoja. Octavian akapigiwa simu, akafundishwa namna ya kujieleza mbele ya mwajiri, akapata kazi. Brighton hakupigiwa. Miezi ilivyozidi kwenda, Batholomeo akaanza kumuuliza, kwanza taratibu, baadaye kila walipokaa kula: mwenzako kaitwa, wewe una kasoro gani? Jioni moja, mbele ya wageni, alimwambia kwamba ile ada ya chuo angenunulia ng'ombe, walau angekunywa maziwa. Asubuhi Brighton hakuwepo.

"Alishindwa usaili, ndiyo maana mkamwacha," alimwambia Debora. "Sasa mnamtafutia nini?"

"Hapana, baba. Hakufanyiwa usaili wowote." Debora alisita kidogo. "Walijiandikisha wengi kuliko uwezo wetu. Na wakubwa walitaka kujua kama fedha inayotumika pale inaleta faida. Ili tujue, ilibidi tuwe na wa kulinganisha nao. Basi ikapigwa kura. Wengine wakasaidiwa, wengine wakaachwa wahangaike wenyewe. Brighton aliangukia kwa walioachwa."

"Kura."

"Ndiyo. Kompyuta ilichagua tu. Haikuangalia cheti wala tabia ya mtu."

"Na yeye alijua?"

"Wote walielezwa siku ile ile."

Batholomeo alikumbuka. Ni kweli, Brighton alimwambia. Alisimama pale pale uani akasema, "Baba, walituambia ni kura." Naye akamjibu kwamba kura ni za kuchagulia wabunge, kazi hutafutwa na mwanamume aliye macho.

"Na mmeona nini?" aliuliza baadaye. "Faida ipo?"

"Ipo, baba. Waliosaidiwa wanapata kipato kizuri kuliko wenzao. Huenda huduma ikapelekwa mikoa mingine."

"Basi Brighton amewafaa."

Debora aliinamisha macho. Alisema bado wanahitaji kumhoji, ili wale walioachwa wasipungue kwenye hesabu. Alitaka kuuliza kama kuna rafiki anayeweza kujua alipo, lakini kabla hajamaliza, Hilaria alitaja namba ya simu. Aliitaja kwa kichwa, bila kukosea, huku mikono yake ikiendelea kutandaza mpunga.

Batholomeo alimgeukia mkewe. "Tangu lini?"

"Tangu alipofika Babati."

"Na mimi hukuniambia."

"Aliniomba nisikuambie."

Debora alisogea hadi kwenye ua wa miti, akapiga. Mazungumzo yalichukua muda. Kutoka pale alipokaa, Batholomeo hakuweza kusikia maneno ya mwanawe, ila aliona Debora akitikisa kichwa na kubonyeza kishikwambi. Aliporudi alisema Brighton anabeba magunia sokoni, na amejibu maswali yote.

"Umemwambia kwamba sasa najua?"

"Nimemwambia."

"Akasema nini?"

Debora alimtazama Hilaria kabla ya kujibu. "Amesema alitamani ungeamini alipokuambia yeye."

Akaaga, akaondoka. Wale wawili walibaki wamekaa, kila mmoja upande wake wa turubai. Batholomeo akamuuliza mkewe kijana anaishije, na Hilaria akamweleza yote kwa sauti ya chini. Amepanga chumba na mwenzake. Mgongo unamsumbua. Ana mtoto wa kike, ameshaanza kutembea.

"Nina mjukuu," Batholomeo alisema.

"Unaye."

Alinyoosha mkono. Hilaria alisitasita, kisha akampa simu yake. Akapiga; iliita mara moja tu.

"Mama, shikamoo," Brighton alisema, sauti yake nyepesi, kama ya mtu anayetabasamu.

"Ni mimi, mwanangu. Ni baba yako. Nilikukosea."

Kelele za wapakiaji zilisikika upande wa pili, na mahali fulani mtoto akilia.

"Shikamoo, baba," Brighton alisema, akakata.

"Marahaba," Batholomeo aliitikia. Aliendelea kuishikilia simu sikioni, mpaka Hilaria alipokuja kuichukua.