Povu la Mwamini

Saa mbili asubuhi, Corolla kuukuu ya Nasiri bado ilinguruma uani kwake Kamembe. Fundi huyo wa mageti alikuwa ameshachomelea bomba la moshi mara mbili, na saa nne gari lilitakiwa ukaguzini. Likikataliwa, lingeondolewa barabarani.

Injini ilipopoa, mkewe Mwamini, binti wa fundi baiskeli, alipaka bomba povu la sabuni. Nasiri akawasha gari, naye akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kibichi.

"Papa Zubeda," Mwamini alimwita mumewe kwa jina la binti yao, "ulichomelea fasi ya kelele tu. Tundu iko huku!"

Mapovu yalikuwa yakifoka kwenye kiungo ambacho Nasiri hakukigusa.

"Kumbe nimeoa fundi kunishinda!"

"Chomelea kwanza, sifa baadaye."

Saa nne na nusu mkaguzi aligonga muhuri wa kupita.