Asali kwa Chozi

Swalha alipohamia nyumba ya ghorofa ya chini karibu na soko la vitambaa la Zhongda, huko Uchina, alichokipenda zaidi ni ua wa nyuma. Uliwahudumia wapangaji wawili tu: yeye, mfanyabiashara wa Unguja aliyepeleka vitambaa nyumbani, na Mzee Liang, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe. Bustani ilikuwa ya mzee. Alipanda mgomba, mkomamanga na maua mekundu vyunguni, na kila asubuhi alikaa pale na chai yake akiwangoja chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua.

Swalha aliwajua chozi tangu utotoni, ila hawa walikuwa wageni kwake. Dume alikuwa na kichwa cha kijani kinachong'aa, koo jekundu na manyoya mawili membamba yaliyochomoza mkiani. Jike alikuwa wa rangi ya majani yaliyoanza kukauka. Siku mzee alipomwona amesimama mlangoni anawatazama, alimtolea kigoda. Ikawa desturi yao kukaa pamoja kabla ya Swalha kwenda sokoni. Hawakuzungumza sana, maana Kichina cha Swalha kilikuwa cha kuuliza bei na kukataa bei.

Mwezi wa tano, katika maduka ya jumla ya mtaa wa Yide Lu, Swalha aliona chupa za kunyweshea ndege, zenye matundu yaliyochongwa kama maua. Muuzaji alimwambia zinapelekwa Marekani, kwa ndege wadogo wa huko wanaonyonya maua huku wameelea hewani. Alinunua moja. Mzee aliitundika kwenye mkomamanga, akamwonyesha kwa vidole: sukari kijiko kimoja, maji vijiko vinne, na chupa ioshwe kila siku. Baada ya siku sita dume akaja kunywa, na mzee akacheka kimya kimya, mabega yakimtikisika.

Kisha mzee akaenda Foshan kwa binti yake, wiki nzima, akamwachia Swalha chupa.

Swalha aliona sukari tupu ni ukarimu mdogo. Mama yake alikuwa amemletea asali ya Pemba, akaichanganya na maji. Siku zile alikuwa anafuatilia mzigo uliochelewa. Alitoka alfajiri, akarudi jioni, na chupa haikuoshwa kwa siku nne, asali ikachacha na kuota ukungu katika joto lile. Siku ya tano alimkuta dume chini ya mkomamanga, ulimi umevimba, mdomo una utando mweupe. Alimnyanyua. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba kiganja hakikuhisi kitu ila mapigo ya moyo, kisha hata hayo yakakoma.

Alimzika kando ya mgomba. Gracia, rafiki yake wa Lubumbashi waliyekuwa wakinunua naye vitambaa, alimkuta bado ana udongo mikononi.

"Yaya, usimwambie kitu," alisema Gracia, akimwita dada kwa namna ya kwao. "Ndege anakufaka na paka, na baridi, na uzee. Mzee hatajua."

"Mimi nitajua."

"Basi mimi nitamwambia. Kichina changu ni kizuri."

"Hapana. Nifundishe maneno, nitasema mwenyewe."

Gracia alimfundisha sentensi tatu. Swalha alizirudia jikoni, njiani na kwenye treni, mpaka zikakaa mdomoni.

Mzee aliporudi, alimkuta anamngoja uani. Swalha alisema sentensi zake. Mzee hakuelewa, au hakutaka kuelewa, hadi alipoletewa chupa ya asali na kuonyeshwa pale palipofukiwa. Akaishusha ile chupa ya kunyweshea ndege, akaingia ndani na kufunga mlango.

Kwa siku nane hakutoka Swalha akiwapo. Kupitia dirishani Swalha alimwona jike akija peke yake, akizunguka tawi ilipokuwa imetundikwa chupa, akiondoka. Alijiambia kwamba amepoteza jirani, na kwamba amestahili.

Siku ya tisa mzee alibisha hodi. Alishika simu, akaiambia maneno kwa Kichina, na simu ikayasoma kwa Kiswahili kigumu, cha mashine:

"Mke wangu alipokuwa mgonjwa, nilikamata ndege kama huyu. Nikamweka katika kizimba karibu na kitanda, apate kumwona. Siku ya pili ndege alikufa. Nilimwambia mke wangu kwamba nimemfungulia, ameruka. Alifurahi. Mpaka anafariki sikumwambia."

Mzee hakungoja jibu. Alimpa mche wa maua mekundu ndani ya chungu, akamwashiria watoke.

Waliupanda pamoja, Swalha akishika shina, mzee akishindilia udongo. Chupa haikutundikwa tena. "Maua yanatosha," ilisema simu.

Mwezi wa kumi jike alikuja na dume mwingine, mchanga, koo lake bado halijakolea rangi. Mzee alimgusa Swalha kiwiko, akiogopa hata kunong'ona. Dume akajaribu ua la kwanza, akaliacha, akaenda la pili, na hapo akatulia, akanyonya. Swalha alichelewa sokoni siku ile.